Sukari huna jikoni? Uongo na kweli kuhusu kulisha ndege wavumaji

Mwaka wangu wa kwanza Louisville, Kentucky, nilinunua chupa ya kulishia ndege wavumaji (hummingbird kwa Kiingereza, ndege wadogo wanaoelea mbele ya maua wakinyonya utamu wake), ya plastiki, yenye maua mekundu kitakoni. Nikanunua na maji yao matamu yaliyotiwa rangi, mekundu kama sharubati ya arusini. Bibi wa nyumba ya pili, ambaye amewalisha ndege hao tangu kabla sijazaliwa, alinitazama nikiyamimina, akatikisa kichwa juu ya uzio. "Mwanangu, yamwage hayo. Sukari huna jikoni?"

Tangu siku hiyo nimesikia mengi, kwa majirani, kwa jamaa zetu Wakongo wa mtaa wa nyuma, na kwa simu kutoka nyumbani. Mengi ni maneno ya kupokezana tu.

Tuanze na hiyo rangi, maana ndiyo inayouzwa. Wanasema bila wekundu ndege haji. Kweli wekundu humvuta, lakini wekundu wa chupa yenyewe unatosha kabisa. Nekta, yale maji matamu ya ndani ya ua, katika maua mengi haina rangi, na ndege hajawahi kuilalamikia. Anayetutembelea huku mashariki mwa Marekani ni mvumaji mwenye koo jekundu (dume tu ndiye mwenye hilo koo), spishi pekee inayozaliana upande huu. Uzito wake ni gramu 3 hivi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kinamzidi. Sioni sababu ya kuupitishia mwili mdogo namna hiyo rangi isiyo na kazi.

Tena hata wekundu si kila kitu kwake. Akishaonja utamu kwenye ua la zambarau au la njano, atalirudia. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi milimani Colorado walichapisha majaribio yao: waliweka taa mbili karibu na vyombo viwili, kimoja cha maji matamu na kingine cha maji matupu. Kwa macho yetu taa zote zilikuwa kijani ileile, ila moja ilichanganywa na mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Ndege wavumaji walizitofautisha na kufuata yenye utamu. Wanaona rangi ambazo sisi hatuna hata majina yake, halafu tunataka kuwachagulia.

"Mtilie asali, asali ni dawa." Huyu ni mama yangu, kwenye simu, na kumbishia mama juu ya asali si kazi ndogo. Lakini asali ikishachanganywa na maji huchacha haraka na kuota kuvu, na kuvu humdhuru ndege. Sukari ya kahawia na sukari guru nazo hazifai, kwa sababu zina madini ya chuma zaidi ya anayoyaweza. Zile sukari za watu wa kisukari ni mbaya kwa namna nyingine: hazina nguvu ndani yake, na ndege huyu anaishi kwa kuchoma nguvu, akipiga mabawa mara 50 hivi kwa sekunde. Atajaza tumbo na njaa iko palepale.

Kinachofaa ni sukari nyeupe ya kawaida, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Koroga mpaka iyeyuke, iache ipoe, basi. Kuchemsha kunasaidia sukari iyeyuke upesi, lakini si sharti. Kipimo hicho kinakaribia utamu wa maua anayoyapenda.

Sasa nije kwenye kosa linaloudhi kuliko yote, maana nimelifanya mwenyewe. Watu hudhani chupa ikiwa bado na maji, kazi imekwisha. Julai moja tulikwenda harusini Indianapolis, tukakaa siku nne. Niliporudi maji yalikuwa na ukungu kama maji ya mchele, na kwenye vitundu vya yale maua ya plastiki palikuwa na madoa meusi. Ndege mmoja alikuja, akaelea mbele ya chupa, akatia mdomo mara moja, akaondoka. Nilikuwa nimewaandalia uchafu.

Joto likipita nyuzi 30, na huku kiangazi linapita, yabadilishe kila siku mbili. Siku za baridi yanaweza kufika nne au tano. Usijaze chupa mpaka juu kama wao wanakunywa robo tu. Ioshe kwa maji ya moto na brashi ndogo inayofika vitunduni, na madoa yakigoma tumia siki, kisha suuza vizuri. Kama huna nafasi ya kuosha, usitundike chupa. Panda maua, yanajihudumia yenyewe.

Wapo pia wanaopaka mafuta kwenye waya ili sisimizi wasifike. Mafuta yakishika manyoya ya ndege, ni shida asiyoweza kujiondolea. Tundika juu ya chupa kikombe kidogo cha maji, sisimizi hawavuki.

Halafu kuna wanaoamini ndege huyu anaishi kwa sukari peke yake, kwa hiyo wanatundika chupa na jioni wanapuliza dawa ya wadudu uani. Wanamnyima kitoweo. Anakula mbu, vinzi na buibui wadogo, na makinda yake yanakuzwa kwa wadudu hao hasa. Kiota chenyewe, kidogo kama nusu ya ganda la jozi, jike hukifunga kwa nyuzi za buibui ili kinyumbuke makinda yanapokua. Utando wa pembeni mwa dirisha langu siufagii tena mwezi wa Mei, hata wageni wakinisema.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa asubuhi moja ya baridi, mwishoni mwa Septemba. Ndege alikuwa ananing'inia kwenye chupa kichwa chini, miguu imeng'ang'ania, hatikisiki. Nikajua kafa. Nilishatafuta kitambaa cha kumshushia. Bibi jirani akanizuia: "Mwache, jua litamwamsha." Usiku wa baridi ndege hawa huweza kuzima karibu kila kitu mwilini, joto hushuka sana, moyo hupiga polepole, ili akiba isiishe kabla ya kukucha. Baada ya robo saa hivi alitetemeka, akajigeuza, akanywa, akaruka.

Mwezi huohuo ndio watu hushusha chupa wakiogopa kwamba chakula kitawachelewesha ndege kuhama. Hakiwacheleweshi. Kinachowaondoa ni mchana kuwa mfupi, siyo njaa. Kabla ya safari hunenepa karibu mara mbili ya uzito wao, na wengi huvuka Ghuba ya Mexico, kilomita 800 hivi, bila pa kutua. (Zamani watu walisimulia kwamba hupanda mgongoni mwa mabata bukini. Hadithi tamu, uongo mtupu.) Iache chupa wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho, kwa ajili ya wasafiri wanaotoka kaskazini. Wala si wote wanaohama: pwani ya magharibi spishi nyingine, iitwayo mvumaji wa Anna, hukaa hata majira ya baridi, na Vancouver, jiji la Kanada, ilimchagua kuwa ndege rasmi wa jiji mwaka 2017.

Ukiona dume mmoja anafukuza wengine kutwa, usidhani umekosea. Ndivyo alivyo, mchoyo. Tundika chupa ya pili upande mwingine wa nyumba, asikoweza kuiona kutoka kwenye tawi lake.

Limebaki la nyumbani. Mdogo wangu wa Morogoro alinitumia video: "Dada, hata huku wapo, tazama kwenye mshubiri!" Nikatazama. Ndege anameta kijani, mdomo umepinda, ametua kwenye shina la ua. Huyo ni chozi, ndege wa kwetu anayenyonya maua. Wavumaji wanaishi mabara ya Amerika tu, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini, Afrika hawapo. Hata yule wa kisa alichopenda kukisimulia hayati Wangari Maathai, aliyebeba maji tone kwa tone kuzima moto wa msitu huku tembo wakitazama, si ndege wa misitu ya Kenya. Na anayeelea kwenye maua jioni bila kutua, ukimwangalia vizuri ana vipapasio kichwani: ni nondo.

Nilimwambia asihangaike na chupa. Mshubiri anao, na chozi ameshaujua mlango.