Saikedelia ni nini katika uchoraji?

Neno saikedelia lilianzia kwa madaktari. Mwaka 1956 daktari wa magonjwa ya akili, Humphry Osmond, aliliunda kutoka maneno mawili ya Kigiriki, moja la nafsi na jingine la kudhihirika. Alikuwa akitafuta jina la dawa za aina ya LSD, zinazomfanya mtu aone rangi na maumbo asiyoyaona mwenzake aliyeketi kando yake. Miaka kumi baadaye jina hilo lilikuwa limeshahamia kwenye picha.

Kwa wachoraji, saikedelia ni mtindo wa miaka ya 1960 wenye rangi kali zisizotiwa kivuli, mistari inayojipinda kama moshi, na herufi zilizovimba hata kusomeka kwa shida. Ulienezwa sana na mabango ya matamasha ya San Francisco. Victor Moscoso, mmoja wa waliochora mabango hayo, alikuwa amesoma chuo cha Yale, alikokuwa akifundisha bingwa wa rangi Josef Albers. Alijua kwamba nyekundu na buluu zenye mng'ao sawa zikigusana, jicho hukosa mahali pa kutulia, na mpaka kati ya rangi hizo huonekana kama unatetemeka. Darasani hilo lilikuwa kosa. Moscoso akalifanya kwa makusudi.

Ndiyo maana napinga wanaosema mtindo huu ni dawa tu iliyomwagwa kwenye karatasi. Mtazame Heinz Edelmann, mchoraji Mjerumani aliyezaliwa Chekoslovakia mwaka 1934, akasomea Düsseldorf, kisha akachorea jarida la twen. Yeye ndiye aliyebuni wahusika na mandhari ya Yellow Submarine, filamu ya katuni ya Beatles, bendi ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1968. Wengi hudhani ni kazi ya mchoraji Peter Max wa Marekani, sivyo. Na Edelmann mwenyewe alikana kutumia dawa hizo.

Watazame wale wanamuziki wanne wa Beatles alivyowachora. Vichwa ni vidogo, miili mirefu na bapa, suruali zinabana juu na kufunguka chini kama kengele. Kila kipande kina rangi moja iliyozungushiwa mstari safi. Ubapa huo una faida ya kikazi pia: sekunde moja ya filamu hupitisha fremu 24, na picha zilipakwa rangi kwa mkono kwenye plastiki angavu. Kivuli laini kisingewezekana kurudiwa sawasawa kila mara. Kingechezacheza kwenye skrini.

Sehemu ya filamu hiyo ninayoipenda kuliko zote ni ile ya bahari ya matundu. Matundu meusi yamejipanga safu kwa safu juu ya weupe, na mhusika akizama katika hili anatokea katika lile, huku wewe hujui tena sakafu ni ipi na dari ni ipi. Ringo, mmoja wa wale wanne, anaokota tundu moja, analitia mfukoni. Mandhari yenyewe ni wino mweusi tu juu ya weupe, na bado akili inazunguka.

Baadaye Edelmann aliuacha mtindo huo. Curro, nembo hai aliyoibunia maonyesho ya dunia ya Sevilla, Hispania, ya mwaka 1992, ni ndege mweupe mwenye miguu minene kama ya tembo. Rangi za upinde wa mvua zimebaki kwenye mdomo na kishungi, zimepangwa kwa utulivu, moja baada ya nyingine.