Kabla hujailaumu kalamu: wino, karatasi na hewa ya Nairobi

Kalamu ya wino haina pampu. Hakuna springi inayosukuma, na kukandamiza kwa mkono hakuongezi chochote ila kuipanua nibu, ile ncha inayoandika, hadi iharibike. Wino unashuka wenyewe kupitia mfereji mwembamba ulio kwenye ule ulimi mweusi chini ya nibu. Kuta za mfereji zinaushika usimwagike, karatasi inauvuta, na kwa kila kiasi kinachotoka lazima hewa kidogo ipande ndani kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, wino hautoki. Hewa ikizidi, wino unatoka kabla hujauita. Lewis Waterman alipopata hataza yake Marekani mwaka 1884, alichotatua ni hicho hasa: wino ushuke na hewa ipande bila kugombania njia.

Naanza na hilo kwa sababu kalamu nyingi zinazofika kwenye meza yangu hapa mjini si mbovu. Mtu anakuja na Lamy au Jinhao mkononi, vidole vyote buluu. "Fundi, hii kitu inatapika." Kabla sijaifungua namuuliza alilala wapi jana. Mara nyingi jibu ni Mombasa.

Mombasa iko usawa wa bahari. Sisi tuko juu kwa takriban mita 1,700, na mgandamizo wa hewa huku umepungua kwa karibu moja ya tano. Hewa uliyoifungia ndani ya kalamu ukiwa Pwani haijui kwamba umepanda treni; ukishuka kituo cha Syokimau, hapa Nairobi, imeshatanuka kwa zaidi ya moja ya tano, na inatafuta pa kutokea. Tupige hesabu. Katriji, kile kichupa cha wino kinachochomekwa ndani ya kalamu, ikitumika nusu ina hewa ya kama mililita 0.4. Ikitanuka, inasukuma wino wa matone mawili hivi, na matone mawili si neno: yale mapezi madogo yaliyojipanga kwenye ulimi yamewekwa hapo kuyapokea. Watu hudhani ni urembo. Sasa chukua kalamu isiyo na katriji, ile unayotia wino kwa kitone moja kwa moja ndani ya pipa, yaani mwili wa kalamu. Ikiwa imebaki na wino kidogo, humo mna hewa ya mililita 2 au zaidi, na hiyo itasukuma nje kama matone tisa. Mapezi hayawezi kubeba matone tisa. Shati lako litayabeba.

Kwa hiyo, ukitoka Pwani kurudi huku, ama ijaze kalamu hadi juu kabisa, ama iondoe wino wote. Hiyo ya nusunusu ndiyo yenye balaa. Njiani isimame nibu juu, mfukoni au kwenye mkoba, ili hewa inayotanuka itoke yenyewe bila kuubeba wino. Kuteremka kwenda Mombasa hakuna wasiwasi, kwa kuwa hewa ya nje ndiyo inayosukuma kuingia. Na ukitaka ajabu ndogo: anayepanda ndege Nairobi yuko salama kuliko anayepandia Mombasa. Ndani ya ndege ya abiria hewa hupunguzwa hadi kufanana na ya mlimani, kwa kawaida isipite ile ya mita 2,400. Aliyeanzia JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ameshapanda sehemu kubwa ya mlima huo kwa miguu yake.

Kalamu hizo za kitone zina jambo jingine mwezi wa Julai. Asubuhi ya baridi, pipa likiwa na nyuzi 14 au 15, unalishika kwa kiganja chenye joto, hewa ndani inatanuka, na baada ya mistari michache tone linaanguka juu ya neno. Ishike mkononi dakika chache ikiwa imesimama kabla hujaanza kuandika, au usiiache ishuke chini ya nusu.

Sasa wino, ambako ndiko wengi wanatupa pesa. Mtu ana kalamu bahili, inaandika kwa kukatakata, anakimbilia kununua nyingine. Au mbaya zaidi, anachukua wembe na kuipanua nibu. Badilisha wino kwanza. Kuna wino mkavu na wino mwepesi, na tofauti iko katika jinsi unavyoshikamana na kuta za mfereji na jinsi unavyotambaa. Pelikan 4001 inajulikana kwa ukavu: itie kwenye kalamu inayomwaga, itatulia. Iroshizuku ya Pilot hutiririka kwa wepesi: itie kwenye ile bahili. Nimeona kalamu zilizohukumiwa kutupwa zikiandika vizuri siku hiyohiyo, na hakuna aliyezigusa kwa koleo.

Ila hakikisha unachotiwa ni wino wa kalamu. Ingia duka lolote la vifaa vya ofisi katikati ya mji, useme "naomba wino", na usishangae ukipewa wino wa muhuri, au chupa ya kujazia printa. Vyote viwili havifai. Na kuna wino mweusi wa wachoraji, ule wa masizi ulioshikanishwa kwa sheleki, aina ya gundi. Huo ukikauka ndani ya mfereji haurudi kuwa maji tena, na kalamu imekwisha. Wapo watengenezaji, Platinum wakiwamo kwa Carbon Black yao, waliosaga masizi hayo laini kiasi cha kupita kwenye kalamu bila kuganda upesi. Hata hivyo, wino wa namna hiyo unataka kalamu inayotumika kila siku. Ukijijua kwamba unaandika Jumapili kwa Jumapili, uache.

Wino wa kawaida ni rangi iliyoyeyushwa majini. Buluu ya shule, ile inayotoka kwenye nguo kwa maji na sabuni, ni rafiki wa anayejifunza na adui wa mwenye hati. Barua iliyoandikwa kwa buluu hiyo ikiachwa dirishani inapauka, na kikombe cha chai kikimwagika umebaki na karatasi tupu. Mawakili wananiuliza sana juu ya hili, na jibu langu ni la zamani kuliko kalamu zenyewe: wino wa chuma.

Huu unastahili maneno zaidi. Nyigu wadogo hutaga mayai kwenye mti wa mwaloni, mti unajikinga kwa kuotesha vinundu, na vinundu hivyo vina tindikali nyingi ya tanini. Changanya tanini na chumvi ya chuma, upate maji ambayo peke yake yana rangi hafifu sana. Ndiyo maana hutiwa buluu kidogo ili mwandishi aone anachoandika. Ukiandika, wino unaingia kwenye nyuzi za karatasi ukiwa bado umeyeyuka. Kisha oksijeni ya hewani inaukuta, chuma kinabadilika, na kinachozaliwa ni kitu cheusi kisichoyeyuka majini, kikiwa kimeshanasa ndani ya karatasi. Mstari ulioandikwa asubuhi ukiwa buluu, jioni umeelekea weusi. Huko Uingereza na Wales wasajili wa ndoa walitumia wino wa aina hii kwenye vitabu vyao hadi usajili ulipohamia kwenye kompyuta Mei 2021. Diamine, kampuni iliyoanza mwaka 1864, bado inauuza kwa jina la Registrar's. Pelikan 4001 ya buluu-nyeusi nayo ina chuma, kwa kiasi cha upole.

Bei ya uimara huo ni tindikali. Nibu ya dhahabu haijali, ya chuma cha pua huvumilia, lakini nibu za bei rahisi zilizopakwa rangi ya dhahabu hubanduka. Usiuache ukae ndani wiki nyingi bila kuandika, na usiuchanganye na wino mwingine hata siku moja. Aina mbili zikikutana zinaweza kufanya mashapo, na mashapo ndani ya mfereji ni kazi ya siku nzima. Ninatoza kwa kazi hiyo.

Nikiambiwa nichague pa kuweka shilingi za mwisho, kati ya kalamu nzuri na karatasi nzuri, nachukua karatasi. Hapo marafiki zangu wapenzi wa kalamu hunicheka, maana wao wanakusanya nibu. Lakini kalamu ya bei ya chakula cha mchana juu ya karatasi iliyotengenezwa vyema inapendeza, na kalamu ya bei ya pikipiki juu ya karatasi mbovu inatia aibu: herufi zinaota nywele, ukurasa wa pili unaonyesha kila kitu, "a" na "o" zinafumba macho.

Uzito wa karatasi usikudanganye. Muuzaji atakusifia gramu 80, gramu 100, kana kwamba anauza nyama. Tomoe River ya Japani ilipata umaarufu ikiwa na gramu 52 tu kwa mita mraba, nyepesi kuliko karatasi ya fotokopi ya mtaani, na wino hauipenyi. Kinachohesabika ni ile dawa inayotiwa kiwandani, wanga na vitu vya jamii ya gundi, ili nyuzi zisinywe maji ovyo. Karatasi iliyotiwa vizuri inaacha wino ukae juu, ukauke polepole, na ndipo unapoona rangi ikikolea mwishoni mwa mstari. Iliyotiwa kidogo inakunywa kama sifongo.

Jinsi ya kuijua dukani: nenda na kalamu yenye nibu pana, iliyojaa, si nyembamba, maana nyembamba inaficha makosa. Omba ruhusa ujaribu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Chora mistari inayokatana, kisha iache nibu itulie mahali pamoja kwa sekunde mbili au tatu. Angalia kingo kama zina nywele, geuza nyuma. Inatosha. Daftari za shule zinazotengenezwa hapa nchini zimenishangaza mara nyingi kwa uzuri, kisha zikaniangusha nilipoongeza za rundo jingine zenye jalada lilelile. Kwa hiyo ukipata rundo zuri nunua nyingi siku hiyo. Karatasi ya fotokopi nayo ina pande mbili zisizofanana. Pakiti nyingi zina mshale unaoonyesha upande wa kuchapwa kwanza; andika kwenye upande wa juu na wa chini, ulinganishe, kisha ushike ulioshinda.

Msimu wa mvua ndefu karatasi inanyonya unyevu na ile iliyokuwa ya wastani inaanza kutambaza wino. Weka daftari kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Na kuna adui ambaye hakuna anayemshuku: mafuta ya kujipaka. Asubuhi umejipaka vizuri mikono kwa sababu ya baridi, umeweka kiganja juu ya ukurasa, na kufika katikati kalamu inaanza kuruka herufi. Wino wa maji hauwezi kushika palipo na mafuta. Nimerudishiwa kalamu nzima kwa kosa hilo, nikamrudishia mwenyewe pamoja na kipande cha karatasi ya kuwekea mkono.

Kuhusu kalamu ya kuanzia sitachelewa. Platinum Preppy ni ya plastiki, lakini kifuniko chake kinafunga hewa kuliko vingi vya bei ya juu, na wino haukauki upesi ukiisahau. Pilot Metropolitan ni ya chuma na nibu yake haina makuu. Lamy Safari, iliyotoka mwaka 1980, ina mahali pa vidole palipokatwa pembe: ama utapapenda ama patakukera, ijaribu kabla ya kulipa. Jinhao ni bahati nasibu ya bei nafuu. Kumbuka kwamba nibu nyembamba ya Japani ni nyembamba kuliko ya Ulaya yenye herufi ileile ya kipimo, na kwenye daftari za kawaida za hapa huo wembamba ni msaada.

Kuosha: maji baridi, bila sabuni kali, hadi yatoke meupe. Ikiwa mtaani kwenu mnatumia maji ya kisima cha kuchimbwa, na birika lenu lina ukoko mweupe ndani, usiyatumie kwa suuza ya mwisho, kwa sababu ukoko huohuo utabaki mferejini. Kwenye vituo vya mafuta wanauza maji ya betri yaliyosafishwa, chupa moja inatosha muda mrefu. Soma lebo mara mbili. Kwenye rafu hiyohiyo huwa kuna asidi ya betri.

Mwisho, kalamu za wazee, maana sasa naletewa nyingi zilizotolewa kwenye makabati. Ikiwa nibu imefichwa ndani ya ganda na mdomo tu ndio unaochungulia, yawezekana ni Parker 51, iliyouzwa kuanzia mwaka 1941, au Hero ya Shanghai iliyoiga umbo lake. Nibu ile ilifichwa ili wino wa kukauka haraka usikauke juu yake. Zile za baada ya 1948 zina kifuko cha plastiki kinachobonyezwa, na vingi bado vizima. Chovya sehemu ya mbele kwenye maji baridi usiku kucha, bonyeza, badilisha maji, rudia hadi buluu iishe. Inaweza kuchukua siku kadhaa. Maji ya moto hapana. Spiriti pia hapana, kwa sababu plastiki ya pipa la 51 hupasuka nyufa ndogondogo ikiguswa nayo. Ganda likikataa kufunguka, usilizungushe kwa nguvu, limebandikwa kwa sheleki na linataka joto la kiasi chake. Niletee likiwa hivyohivyo, kabla hujaazima koleo kwa jirani.