Sainasi unayo, na jirani yako anayo

"Nimepigwa picha ya kichwa, nimekutwa na sainasi." Kauli hii imezoeleka kuanzia kwenye daladala mpaka dirishani duka la dawa, na kila anayeisikia hujibu pole. Ukiitafakari, ni sawa na kusema umepigwa picha ya mguu ukakutwa na goti. Sinusi, ambazo wengi huziita sainasi, ni mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso. Kuta zake zimetandikwa utando laini uleule wa puani, na kila pango lina tundu la kutolea makamasi kwenda puani. Kila upande wa uso una ya shavuni, ya paji, vijumba vidogo vidogo vilivyobanana kati ya jicho na pua, na moja la nyuma kabisa, katikati ya fuvu. Lile la shavuni kwa mtu mzima huingia takriban mililita 15, kijiko kimoja cha chakula. Likivimba utando wake, ugonjwa huo huitwa sinusaitisi. Maana imekwisha. Linalosumbua ni jina.

Sinus ni Kilatini, na halikuanzia mwilini. Warumi walipovaa toga, nguo ilikunjika kifuani ikafanya kama mfuko. Mkunjo ule ndio sinus. Kutoka hapo likatumika kwa kifua chenyewe, kwa ghuba ya bahari, na kwa kila kilichojipinda kikaacha uwazi ndani. Aliyewahi kubonyeza "sin" kwenye kikokotoo amelitumia neno hilohilo. Wahindi wa kale waliita kipimo kile jiva, uzi wa upinde. Waarabu wakalichukua kwa sauti yake, wakaliandika kwa konsonanti bila irabu, na watafsiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakalisoma jaib, yaani uwazi wa nguo kifuani, wakaandika sinus. Aliyepita madrasa jaib anaijua: ndimo Nabii Musa alimoamriwa kuingiza mkono, ukatoka mweupe. Mfuko wa nguo, kipimo cha hesabu na pango la shavuni vimekutana kwenye neno moja, na hakuna hata kimoja ambacho ni maradhi.

Madaktari nao walilitapanya. Kuna sinusi za damu zinazouzunguka ubongo. Njia nyembamba inayotoa usaha sehemu ya juu ya mfereji wa makalio nayo huitwa sinusi. Moyo una kifundo cha sinusi, ndicho kinachoanzisha kila pigo. Ndiyo maana karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, huandikwa kwamba mdundo ni wa sinusi na ni wa kawaida, hiyo ikiwa habari njema kuliko zote zinazoweza kuandikwa pale, halafu mwenye karatasi anatoka nje akiamini sainasi imemshukia moyoni. Mwingereza Nathaniel Highmore, alipolieleza pango la shavu katika kitabu chake cha mwaka 1651, alitumia neno antrum, ambalo maana yake ni pango tu. Lingebaki hilo, tungepona usumbufu mwingi.

Turudi kwenye picha, maana huko ndiko "kukutwa nayo" kunakotokea. Eksirei ya kawaida ya sinusi hupigwa mgonjwa akiwa ameketi au amesimama, kidevu kimegusa bamba la kupokea picha, pua imeachana nalo kidogo, na mstari wa kutoka kona ya jicho kwenda tundu la sikio ukifanya pembe ya digrii 37 na bamba. Digrii hizo zina kazi: zinaushusha mfupa mzito wa sikio chini ya sakafu ya pango la shavu. Kidevu kikiinama, mfupa ule unapanda juu ya pango, na sehemu ya chini inatoka nyeupe kana kwamba imejaa. Mgonjwa akilazwa, maji yanatandaa nyuma ya pango, na ule mstari mnyoofu kati ya maji na hewa, ambao ndio wenye maana hasa, hauonekani kabisa. Na hata picha ikipigwa vizuri namna gani, vijumba vya kati ya macho hufichwa na mifupa iliyopandana. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kuitafuta sinusi ya paji ni kazi bure, kwani kwa kawaida huanza kuonekana kwenye eksirei akiwa na miaka 6 hadi 8.

Kwenye picha hewa ni nyeusi. Weupe ndani ya pango unaweza kuwa utando ulionenepa, makamasi, usaha, kifuko cha majimaji kisicho na madhara, au uvimbe wenye kuhitaji upasuaji, na eksirei haina uwezo wa kukuambia ni kipi. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, watu wazima 31 waliokuwa na mafua ya kawaida ya siku chache: 27 kati yao mapango ya mashavu yalikuwa na kasoro. Baadhi waliporudiwa wiki mbili baadaye, wengi wao walikuwa wamesafika au wamepata nafuu bila antibayotiki. Walikuwa na mafua, basi. Pua na mapango yake ni chumba kimoja chenye vyumba vya ndani, ndiyo sababu wataalamu siku hizi husema rinosinusaitisi, pua na sinusi kwa pamoja.

Umbo lenyewe linachangia. Tundu la pango la shavu halipo sakafuni kama ungefikiri, lipo juu, karibu na dari. Makamasi hayashuki kwa uzito wake. Vinyweleo vya utando huyasukuma kupanda mpaka tunduni. Mafua huvilegeza vinyweleo na kuvimbisha mlango, basi makamasi yanakwama kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo daktari wa pua huanza na kalenda. Mafua yaliyo chini ya siku 10 na yanayopungua hayahitaji picha. Yakipita siku 10 bila nafuu, au yakiwa yameanza kupoa kisha yakarudi kwa kishindo, hapo hufikiriwa bakteria. Wiki 12 na kuendelea ni sugu, nayo hutakiwa kuthibitishwa kwa kamera au CT. Kamera ya pua ni bomba la milimita 4 hivi: hupuliziwa dawa ya ganzi na ya kufungua pua, husubiriwa dakika 5 hadi 10, na anayeharakisha ndiye anayemtoa mgonjwa damu. Hupitishwa chini hadi nyuma ya pua, kisha huinuliwa chini ya nyama ya kati ya ukuta wa pua, ambako pango la shavu, la paji na vijumba vya mbele humwagia makamasi yake. Usaha ukionekana unatiririka pale, huo ni ushahidi. CT hufuata dawa zikishindwa au upasuaji ukipangwa, kwa vipande visivyozidi milimita moja, bila kudungwa mshipani dawa ya kung'arisha picha, na mgonjwa asiwe katikati ya mafua mapya. Kuziba kwa mapango huhesabiwa alama, kuanzia 0 ya mapango safi hadi 24 ya yaliyoziba yote, na mtu mzima asiyelalamika lolote anaweza kupata 4.

Weupe wa upande mmoja tu usipuuzwe: mara nyingine ni gego bovu la juu, ambalo mizizi yake inakaribia sakafu ya pango. Nayo maumivu ya paji na nyuma ya jicho, yenye kichefuchefu na kuchukia mwanga, wengi huyaita sainasi wakati Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: kipandauso.

Mtaani endelea kusema sainasi, utaeleweka. Ila ukishika ripoti, badala ya kuuliza "nina sainasi?", uliza zimevimba zipi, upande gani, na picha ilipigwa siku ya ngapi ya mafua. Na ukitaka kulisema kwa usahihi bila kuvunja ulimi kwa rinosinusaitisi, sema tu: "sinusi zangu zimevimba."