Uandishi wa habari za uchunguzi na uchumi Ujerumani: msianzie kwenye kitambulisho

Vijana wanaotaka kuandika habari za uchunguzi au za uchumi Ujerumani hutuuliza kwanza kitambulisho cha mwandishi kinatolewa wapi. Tunaelewa sababu: Tanzania ina Bodi ya Ithibati, Kenya ina Baraza la Vyombo vya Habari. Ujerumani haina leseni ya uandishi. Ibara ya 5 ya Katiba inalinda uhuru wa habari, na yeyote anaweza kujiita mwandishi. Ndiyo maana kampuni yoyote inaweza kuchapa kadi na kuiuza mtandaoni. Tumesema mara nyingi: msizinunue. Kadi iliyokubaliwa na mawaziri wa mambo ya ndani wa majimbo, inayotumika tangu 2018, hutolewa na vyama vichache kama DJV, chama cha wanahabari, kwa mwaka mmoja, kwa anayethibitisha kuwa uandishi ndio kazi yake kuu.

Mlango wenyewe ni Volontariat, yaani mafunzo kazini yenye mkataba na malipo, kwa kawaida miezi 18 hadi 24, huku ukizungushwa kwenye madawati mbalimbali. Shahada si lazima iwe ya uandishi. Kwa dawati la uchumi, ya uchumi au sheria husaidia zaidi. Shule ya uandishi ya Köln huunganisha mafunzo ya uandishi na masomo ya uchumi na siasa. Dawati la uchunguzi ni nadra kuwa kazi ya kwanza.

Jifunze nyaraka mapema. Tangu Agosti 1, 2022, daftari la kampuni, Handelsregister, linasomwa mtandaoni bila ada. Orodha ya wanahisa wa GmbH, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, imo humo. Hesabu za mwaka hazimo. Hesabu za miaka ya fedha iliyoanza 2022 na kuendelea zitafute Unternehmensregister, daftari jingine la taarifa za kampuni, za nyuma Bundesanzeiger, gazeti rasmi la serikali. Wanagenzi wengi hukosea hapo, wakaandika kwamba kampuni imeficha hesabu kumbe wametafuta pasipo penyewe.

Sasa hisa, na hapa tunaomba umakini. Maadili ya Baraza la Habari la Ujerumani, kifungu cha 7, yanakutaka usinunue wala kuuza, wewe au kwa kupitia mtu, hisa ulizoandika habari zake wiki mbili zilizopita au unazopanga kuziandika wiki mbili zijazo. Adhabu kali zaidi ya Baraza ni karipio, ambalo chombo husika hutakiwa kulichapisha. Lakini ukifanya biashara kwa siri ya ndani ya kampuni, hilo ni kosa la jinai: faini au kifungo cha hadi miaka 5 chini ya kifungu cha 119 cha sheria ya biashara ya hisa na dhamana nyingine za mtaji (WpHG). Hoja ya “nilinunua kidogo tu” haifuti kosa.

Msimamizi wa masoko anaweza kumshuku hata asiye na hatia. Mwaka 2019 msimamizi huyo, BaFin, iliwashtaki kwa waendesha mashtaka wanahabari wawili wa Financial Times waliokuwa wakiichunguza Wirecard, kampuni ya huduma za malipo. Juni 2020 kampuni ikafilisika, yuro bilioni 1.9 zisijulikane zilipo; Septemba uchunguzi dhidi ya wanahabari hao ukafungwa. Kwa hiyo, kabla ya kupokea kazi yoyote kuhusu kampuni, mwandikie mhariri wako hisa ulizonazo, na za mwenzi wako, barua iwe na tarehe, na nakala moja ubaki nayo.