Maonesho ya Sarafu Katika Zama za Minada ya Mtandaoni: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Dhana inayosikika kuliko zote miongoni mwa wakusanyaji ni kwamba maonesho ya sarafu yamebaki kuwa mikutano ya wazee wanaokuja kuagana, kwa kuwa sarafu yoyote inayotafutwa sasa inapatikana kwenye simu. Maneno hayo yalianza karibu na kuanzishwa kwa eBay, soko la mnada la mtandaoni, mwaka 1995, na tangu hapo yamekuwa yakirudiwa mwaka hadi mwaka bila kutimia. Chama cha wakusanyaji wa sarafu cha Marekani, ANA, kilichoundwa Chicago mwaka 1891, bado kinafanya maonesho yake makubwa wakati wa kiangazi. Wakusanyaji wa Florida bado wanafungua mwaka kwa maonesho ya FUN kila Januari. Berlin nayo bado inawapokea maofisa wa viwanda vya sarafu vya nchi mbalimbali katika World Money Fair, ambayo ilizaliwa Basel mwaka 1972 kabla ya kuhamia Ujerumani.

Mtihani wenyewe wa dhana hiyo ulikuja mwaka 2020, pale UVIKO-19 ulipofuta maonesho ya ANA yaliyokuwa yafanyike Pittsburgh. Biashara ilihamia mtandaoni na kwenye simu, wala haikufa. Mnamo Juni 2021 sarafu moja ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933 iliuzwa na kampuni ya mnada ya Sotheby's, New York, kwa dola milioni 18.9. Kama mtandao ungekuwa mbadala kamili wa maonesho, basi huo ndio uliokuwa wakati wake wa kuyazika. Hata hivyo, Agosti 2021, ANA ilipofungua tena milango huko Rosemont, jirani na Chicago, wafanyabiashara walirudi na masanduku yao, na swali linalostahili kuulizwa si kama maonesho yatakufa, bali ni kitu gani watu hao walikifuata ambacho skrini haikuwapa.

Sehemu ya jibu imefichwa na dhana ya pili, inayosema kwamba maonesho ni duka kubwa la siku tatu au nne. Mgeni anayeingia asubuhi na tiketi yake mkononi huziona safu za meza, makabati ya kioo na taa ndogo zilizoinamishwa, akadhani kwamba biashara ndiyo kwanza inaanza. Kumbe sehemu nzito ya biashara hiyo huwa imeshafanyika siku ya kupanga meza, kabla umma haujaruhusiwa kuingia, kati ya wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe: huyu ana mteja anayesubiri, yule ana mali iliyomkalia kabatini mwaka mzima, wanapatana bei ya jumla kwa dakika chache, na sarafu ileile huenda ikapita mikono miwili mitatu kabla ya jua kuzama. Wiki inayofuata sarafu hizo zinaonekana kwenye tovuti za mauzo zikiwa na picha nzuri na bei mpya. Anayesema kwamba mtandao umechukua nafasi ya maonesho hajauliza muuzaji wa mtandaoni alijaza ghala lake wapi.

Dhana ya tatu, nayo ndiyo ninayoiona kuwa na madhara zaidi, ni kwamba picha nzuri inatosha. Chukua dola ya fedha ya aina ya Morgan, iliyoanza kupigwa mwaka 1878. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, isogeze chini ya taa, kisha iinamishe polepole. Ikiwa uso wake haujaguswa tangu ilipotoka kiwandani, utaona mistari ya mwanga ikizunguka kutoka katikati kuelekea ukingoni, kama njiti za gurudumu la baiskeli linalosukumwa taratibu. Mng'ao huo unatokana na michirizi midogo mno iliyoachwa na metali ilipotanuka ndani ya muhuri. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza michirizi hiyo. Itameta, pengine kuliko ile nyingine, lakini mwanga wake utasimama mahali pamoja, na chini ya lenzi utaona mikwaruzo myembamba kama nywele ikielekea upande mmoja, ule uliopitiwa na kitambaa. Picha hukamata mwanga wa nukta moja tu, na mpigapicha anayejua kazi yake huichagua nukta ambayo mikwaruzo haionekani. Video imepunguza tatizo kwa kiasi, ingawa mkono unaoinamisha sarafu ni wa muuzaji, si wako.

Ugumu huongezeka panapohusika sarafu zinazofanana kwa makusudi. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ambayo wazee wa pwani yetu waliipokea, ikatumika Unguja na kote kwenye biashara ya Bahari ya Hindi, ina mwaka 1780 hata kama ilipigwa London, Roma au Bombay katika karne ya 20. Wajuzi hukitambua kiwanda ilikotoka kwa kuhesabu manyoya ya mkia wa tai na kuchunguza lulu za bruchi iliyo begani mwa malkia, kazi ambayo ukiwa na sarafu kumi mezani unaimaliza kwa chai moja, na ukiwa na picha kumi zenye ukungu unaweza usiimalize kabisa.

Kisa kinachoonesha vizuri zaidi tofauti ya kuiona sarafu peke yake na kuziona kadhaa kwa pamoja ni kile cha senti tano za Marekani za mwaka 1913 zenye kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru. Mwaka huo muundo huo ulikuwa tayari umeachwa na nafasi yake kuchukuliwa na ule wa mwenyeji wa asili wa Marekani na nyati, kwa hiyo hakukuwa na ruhusa ya kupiga sarafu ya namna hiyo, lakini tano zinajulikana kuwapo. Umma wa wakusanyaji uliiona mojawapo kwa mara ya kwanza mwaka 1920 kwenye mkutano wa ANA, Chicago, ililetwa na mtu aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, na hapo kila mtu ana haki ya kukunja uso kidogo. Moja kati ya hizo tano ilimilikiwa na mkusanyaji aitwaye Walton, aliyefariki katika ajali ya gari huko North Carolina Machi 1962 akiwa njiani kwenda kwenye maonesho ya sarafu. Ilikutwa katika mabaki ya gari, ikapelekwa kwa wajuzi, wakasema ni bandia iliyochezewa mwaka. Familia ikaiweka kabatini, nyumbani Virginia, ikakaa humo kwa miongo minne.

Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba zile nne zilizojulikana zilipo zingeoneshwa pamoja katika maonesho ya ANA mjini Baltimore, na kampuni moja ya mnada ikaahidi kuinunua ya tano kwa angalau dola milioni moja. Familia ilisafiri na bahasha yake. Usiku, milango ikiwa imefungwa, jopo la wataalamu liliziweka zote tano mbele yao, likazilinganisha moja baada ya nyingine, na kuamua kwamba ile iliyokataliwa ni halisi. Hakuna picha ambayo ingetoa hukumu hiyo. Ilihitajika sarafu tano ziwe juu ya meza moja, na macho ambayo yangeweza kubishana papo hapo.

Yapo majibu ya haraka kwa hoja hii, na jibu la kwanza huwa ni kwamba plastiki imemaliza ubishi: tangu kampuni ya PCGS ilipofungua milango mwaka 1986, na NGC mwaka uliofuata, sarafu hupimwa na watu huru, hupewa daraja kati ya 1 na 70, kisha hufungwa katika kasha ambalo haliwezi kufunguliwa bila kuvunjwa. Ni kweli kwamba bila makasha hayo mnada wa mtandaoni usingefika ulipofika, na mimi si miongoni mwa wanaoyabeza. Lakini daraja ni maoni yaliyoandikwa kwa tarakimu, na sarafu mbili zenye 65 zinaweza kutofautiana kwa uzuri kiasi cha mmoja kulipia moja mara mbili ya nyingine. Tena waigaji hawakuishia kwenye sarafu, bali wameiga makasha yenyewe pamoja na namba za kweli zilizonakiliwa kutoka kwenye tovuti, ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hulinganisha kila doa na picha iliyohifadhiwa na kampuni. Isitoshe, kampuni hizohizo za upimaji huweka meza kwenye maonesho makubwa kupokea sarafu kwa mkono, kwa kuwa wenye mali ya thamani hawapendi kuikabidhi posta.

Kuhusu bei, wengi huamini kwamba mtandaoni ni nafuu kwa vile hakuna nauli wala hoteli. Irudie ile sarafu ya Walton. Aprili 2013 iliuzwa kwa dola 3,172,500, na mnada wenyewe, ingawa uliendeshwa na kampuni inayopokea zabuni za mtandaoni kutoka popote duniani, ulifanyika kwenye maonesho ya sarafu huko Schaumburg, Illinois. Nyundo ilishuka kwenye milioni 2.7, na hizo 472,500 zilizobaki ni ada ya mnunuzi, yaani asilimia 17.5. Tangu hapo ada za namna hiyo zimepanda, na kwa sarafu za kawaida mara nyingi hufikia asilimia 20 au zaidi. Mezani hakuna ada hiyo, kuna bei iliyoandikwa kwa penseli, na kuna nafasi ya kuuliza, "Ya mwisho ngapi?"

Vijana hawaji, husemwa pia. Wanakuja, wengine wakiwa wameshaanza kuuza kupitia simu zao, na ANA ina mpango maalumu kwa ajili yao.

Upande wa pili nao una dhana yake, ile ya wapenzi wa maonesho wanaodhani kwamba kwa sababu Florida na Rosemont zimejaa, hakuna kilichobadilika. Kodi ya meza, hoteli, bima na walinzi havilipiki kwa sarafu za dola tano tano, na mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akizunguka kila wikendi sasa anapiga hesabu na kuona kwamba siku mbili za kupiga picha nyumbani zina faida zaidi. Kwa maoni yangu, makubwa yatabaki kwa sababu ya biashara ya jumla na minada, na yale madogo ya ukumbi wa kata, ambayo hayana gharama, yatabaki kwa sababu ya watu kujuana. Yaliyo katikati, yanayokodi ukumbi wa mji bila kuvutia mnada wowote mkubwa, ndiyo yenye wasiwasi wa haki.

Msomaji aliye Tabora au Unguja, mbali na meza zote hizo, hana budi kuanzia mtandaoni, na kwake dhana mbaya kuliko zote ni kwamba sarafu ikisuguliwa kwa ndimu na majivu hupanda bei. Tuseme bahati imemwangukia na ameachiwa na babu sarafu ya rupia 15 ya mwaka 1916, ya enzi za Wajerumani, ile ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, iliyopigwa kwenye karakana ya reli ya Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kabla ya mji kuchukuliwa na Wabelgiji Septemba mwaka huohuo. Zilipigwa takriban 16,000 tu, na dhahabu ya namna hiyo haikosi waigaji. Asiioshe. Aipime kwenye mizani ya sonara, ambako inapaswa kuwa na gramu 7.1 na kitu hivi. Kisha apige picha ya upande wa tai kwa karibu, mwanga ukitoka pembeni, na aoneshe wazi ncha ya ua lililo chini ya neno OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki kwa Kijerumani, kwa sababu zipo za aina mbili, ambayo ncha yake inaishia chini ya herufi T na ambayo inaishia chini ya A ya kwanza, na hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na mnunuzi yeyote anayejua anachokinunua.