Sherehe ya Pamoja Haiunganishi Mifuko ya Halmashauri

Maandalizi ya Nanenane, sherehe na maonyesho ya wakulima, yakishaanza na mabanda ya viwanja vya Ngongo mjini Lindi yakapakwa rangi, malalamiko nayo huanza. Yanakuja kwa barua, kwa simu na kwenye mikutano ya hadhara, na mengi yanarudia swali moja: kwa nini fedha za halmashauri yetu zikatumike Lindi? Mkulima wa Tandahimba anauliza, mfanyabiashara wa Masasi anauliza, na mwenyekiti wa kijiji, ambaye tungetarajia awe na jibu la kuwapa wenzake, naye anauliza. Makala haya yanafafanua namna halmashauri jirani za Mtwara na Lindi zinavyoshirikiana katika sherehe, na ushirikiano huo unaishia wapi. Yasichukuliwe kuwa ni maelekezo mapya, kwani taratibu zote zitakazotajwa zipo na zinatumika.

Kwanza, wilaya si halmashauri. Mkoa wa Mtwara una wilaya 5 lakini halmashauri 9. Wilaya ya Mtwara peke yake ina tatu: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara na Halmashauri ya Mji Nanyamba. Masasi zipo mbili, ya Mji na ya Wilaya. Newala vivyo hivyo. Tandahimba na Nanyumbu moja moja. Lindi kuna wilaya 5 na halmashauri 6, kwa sababu Wilaya ya Lindi ina Manispaa na Mtama, kisha zinafuata Kilwa, Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Jumla ni halmashauri 15 kwa mikoa yote miwili. Kila moja ina baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake, akaunti zake, na hati yake ya ukaguzi kutoka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mkuu wa Wilaya ya Masasi anasimamia shughuli za Serikali katika eneo la halmashauri zote mbili, ila hana baraza na hapitishi bajeti ya yeyote. Kwa hiyo anayesema "wilaya imekula hela zetu" bado hajatuambia anamlalamikia nani.

Kuchanganya huku kuna historia yake. Lindi na Mtwara zilikuwa mkoa mmoja hadi 1971. Mwaka uliofuata, 1972, serikali za mitaa zilivunjwa nchi nzima na mamlaka yakahamia mikoani na wilayani chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982, yaani Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya, Na. 8 kwa mamlaka za miji na Na. 9 kwa fedha, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya 1984. Waliokua katika miaka ile wakazoea kwamba mkoa ukisema jambo, limekwisha, na wamewarithisha watoto wao mazoea hayo. Katiba, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sera ya maboresho ya serikali za mitaa ya 1998 ilijengwa juu ya msingi huo, na tangu hapo kazi ya Sekretarieti ya Mkoa ni kuzishauri, kuzisaidia na kuzifuatilia halmashauri. Hata Kamati ya Ushauri ya Mkoa, wanamokaa wabunge, wenyeviti wa halmashauri na wakurugenzi chini ya Mkuu wa Mkoa, ni ya ushauri kama jina lake linavyosema.

Ni haki pia kusema kwamba ugatuaji haukwenda upande mmoja tu. Barabara za vijijini na mijini zilihamia TARURA, wakala wa Serikali, 2017, na maji vijijini yakahamia wakala mwingine, RUWASA, kwa sheria ya 2019. Ndiyo maana kamati ya maandalizi ikitaka njia ya kuingia uwanjani ichongwe au maji yafike kwenye mabanda, inaandika barua nje ya halmashauri. Mwananchi anayemfokea diwani kuhusu shimo la barabarani anapaswa kulijua hilo kabla hajafoka.

Sasa Ngongo. Viwanja hivyo vipo Manispaa ya Lindi, na ndipo wakulima, wafugaji na wavuvi wa mikoa yote miwili wanapokutana kuanzia Agosti 1 hadi kilele cha Agosti 8. Halmashauri zina mabanda na maeneo ya vipando, yaani mazao yaliyooteshwa ili watu wayaone shambani. Banda lililojengwa na halmashauri ya Mtwara katika viwanja hivyo halikuwa sadaka kwa watu wa Lindi. Ni mali ya halmashauri iliyolijenga, limo katika daftari lake la mali za kudumu, na likiachwa hadi bati likaezuliwa na upepo, mkaguzi atamwuliza mkurugenzi wa halmashauri hiyo na si wa Lindi. Kumchangia jirani katika shughuli yake hakukupi chumba katika nyumba yake, na yeye hakumpi ufunguo wa ghala lako.

Faida ya kushirikiana ipo katika mambo ambayo halmashauri moja ikiyabeba peke yake yanaielemea: jukwaa, vipaza sauti, vyoo vya muda, maji, ulinzi, gari la wagonjwa, gari la zimamoto. Vipando pia. Anayetaka mkulima aone mtama au ufuta uliosimama vizuri mwanzoni mwa Agosti lazima awe ameshaotesha muda mrefu nyuma, na mtaalamu wa kumwagilia lazima awepo kila siku. Halmashauri iliyo mbali, kama Nanyumbu au Liwale, inapata nafuu kubwa ikikubaliana na iliyo karibu kuhusu nani atatunza shamba. Hapo ndipo ujirani una maana ya kweli. Bahati mbaya hakuna aliyewahi kutuandikia barua kuhusu vipando. Barua zote ni za posho.

Utaratibu wenyewe uko hivi, na tunaueleza kwa kirefu kwa sababu ukirukwa hatua moja hoja ya ukaguzi haikwepeki. Wataalamu wa halmashauri zinazohusika wanakaa na kuandaa mchanganuo wa gharama. Mchanganuo unapita kwenye timu ya menejimenti ya kila halmashauri, kisha kamati ya fedha, kisha baraza la madiwani. Ushirikiano wenyewe unaandikwa: nani anachangia kiasi gani, halmashauri ipi itakuwa taasisi nunuzi, yaani itakayofanya ununuzi kwa niaba ya wote, vifaa vitakavyobaki ni vya nani, na bakaa, yaani fedha itakayosalia, inarudije. Makubaliano ya mdomo baina ya wakurugenzi wawili, hata wakiwa marafiki wa siku nyingi, hayalipi hata chupa ya maji. Ununuzi unafanyika kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, kwa hiyo mzabuni ambaye hajajisajili humo asitegemee kupewa kazi ya mahema kwa sababu tu mwaka fulani wa nyuma alikuwa akipewa. Mtumishi aliyechukua masurufu, yaani fedha za kutumia kwanza na kuzitolea hesabu baadaye, anayarejesha kwa stakabadhi, na asiporejesha yanakatwa kwenye mshahara wake. Fedha ambazo hazikuwekwa kwenye kasma (fungu la bajeti) ya sherehe hazihamishwi kutoka kwenye kasma ya madawati kwa sababu mgeni rasmi amebadilika. Uhamisho wa kasma una ngazi zake za kibali, na anayeufanya bila kibali anajibu kinidhamu. Kukiwa na dalili za matumizi mabaya ya madaraka, suala linahamia TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, chini ya sheria ya 2007.

Tuje kwenye michango, kwa kuwa hapa wananchi wana hoja. Mchango wa sherehe, iwe Nanenane, Mbio za Mwenge wa Uhuru au kumbukumbu ya Mashujaa pale Naliendele, yalipo makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji, ni wa hiari. Hauna hadhi ya ushuru. Ushuru unatozwa kwa sheria au kwa sheria ndogo iliyopitishwa na kuidhinishwa, na kauli ya mtendaji kwenye kilabu cha pombe haimo katika hayo mawili. Anayetoa apewe stakabadhi au namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayenyimwa huduma ya barua ya utambulisho kwa sababu hajachangia Mwenge ameonewa, na aliyemnyima ametenda kosa la kinidhamu. Tunaomba lakini jambo moja: ukitoa fedha mkononi, bila karatasi, kwa mtu uliyeambiwa tu kwamba "ametumwa", usituletee baada ya miezi minane ukitutaka tuzifuatilie. Tutazifuatilia kwa ushahidi gani?

Kuhusu Mwenge wenyewe, dhana iliyoenea ni kwamba unakuja na fedha za miradi. Mwenge unakagua, unaweka mawe ya msingi, unafungua na kuzindua miradi ambayo fedha zake zilishatengwa kwingine. Viongozi wa mbio wakifika kwenye zahanati wanaomba mkataba, vipimo vya ujenzi na hati za malipo, na nyaraka zisipolingana na jengo wanaweza kukataa kuzindua. Halmashauri jirani hukutana mahali pa makabidhiano mpakani, na hapo gharama hugawanywa: kila moja inabeba msafara wake ndani ya eneo lake, na kinachofanyika pamoja ni uwanja wa makabidhiano na ratiba. Ratiba ikichelewa upande mmoja, upande wa pili unaumia, na watoto wa shule wanasimama juani. Hilo ni eneo ambalo halmashauri zenyewe zinaweza kufanya vizuri zaidi.

Wapo wanaosema sherehe zote zifutwe. Ni maoni yenye uzito, na Serikali yenyewe imewahi kufanya hivyo: 2015 sherehe za Uhuru za Desemba 9 zilifutwa na fedha zake zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam, na 2022 Sh milioni 960 za sherehe hizo zikapelekwa kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Zile zilikuwa fedha za Serikali Kuu na uamuzi ulifanywa na mwenye fedha. Kwa fedha za halmashauri, mwenye uamuzi ni baraza lenu. Kama wakazi wa kata fulani Ruangwa wanaona halmashauri yao ipunguze ushiriki Ngongo na kuongeza matundu ya vyoo vya shule, hoja hiyo inaanzia mkutano mkuu wa kijiji, inapanda kamati ya maendeleo ya kata, na diwani anaiingiza wakati wa kupanga bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Hoja inayoletwa Agosti, vumbi la Ngongo likiwa limeshatimka, ni ya bajeti nyingine.

Swali la kuunganisha halmashauri nalo linajirudia, hasa Masasi na Newala: kama tunasherehekea pamoja, si bora tuwe kitu kimoja? Ushirikiano wa sherehe hauelekei huko. Kuanzisha, kugawa au kuunganisha maeneo ya utawala kuna njia yake: mikutano ya vijiji na mitaa, kamati za kata, baraza la halmashauri, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha Ofisi ya Rais TAMISEMI na mamlaka za juu yake. Hakuna kamati ya maandalizi ya Nanenane yenye uwezo huo. Na wale wanaotolea mfano TANECU ya Tandahimba na Newala, MAMCU ya Masasi na Mtwara, au RUNALI ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wajue kwamba hivyo ni vyama vikuu vya ushirika, mali ya wanachama wake, vinavyosimamiwa na sheria ya ushirika. Ni mfano mzuri wa majirani kuuza mazao pamoja bila kuunganisha halmashauri zao, kwa hiyo mfano huo unaunga mkono kinyume cha walichotaka.

Wanaopeleka bidhaa Ngongo wana hofu ya vizuizi vya njiani. Tangu mabadiliko ya 2017, mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao. Mwaka huo huo ushuru wenyewe ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mlipaji wake ni mnunuzi. Mjasiriamali mwenye magunia mawili ya karanga za kuonyesha asilipe getini, na akilazimishwa adai stakabadhi ya mashine yenye jina la halmashauri. Korosho zilizobanguliwa zinauzwa kwenye maonyesho bila tatizo. Korosho ghafi ni habari nyingine: zinauzwa kwa stakabadhi ghalani na mnadani, na anayezinunua kwa kangomba, yaani kinyemela nje ya utaratibu huo, nyuma ya banda hatalindwa na shamrashamra za sikukuu.

Mwisho ni namna ya kuuliza. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, ingawa hachangii. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka. Ikipita robo bila kusomwa, msimsubiri mkoa, mwandikieni mkurugenzi. Anayetaka mchanganuo wa fedha za sherehe za halmashauri yake anaweza kuuomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua ielekezwe kwa mkurugenzi wa halmashauri husika na nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikiwa na jina la mwandishi, kijiji au mtaa wake, mwaka wa fedha anaouulizia na kivuli cha stakabadhi kama alilipa chochote. Wakazi wa Masasi na Newala waandike pia kama wanaulizia Mji au Wilaya, maana barua nyingi hukwama hapo.