Hidroksidi ya magnesi: mikeka iliyopangwa juu ya mikeka

Mara ya kwanza nilipotengeneza hidroksidi ya magnesi nilimwaga soda kali yote kwa mpigo mmoja. Bika likajaa ute mweupe, na kuuchuja kukanichukua mchana kutwa. Vipimo vilikuwa sawa. Kilichoniponza ni haraka.

Vipimo vyenyewe havina ugumu. Yeyusha gramu 20.3 za kloridi ya magnesi (ile yenye molekuli sita za maji), kisha tia myeyusho wa gramu 8 za hidroksidi ya sodi, yaani ile soda kali. Mashapo yakikauka, utegemee gramu 5.8 hivi. Soda ikizidi kidogo usihofu, kwani mashapo haya hayayeyuki tena kama yale ya alumini au zinki. Siku hizi natia tone kwa tone huku nakoroga, halafu nayaacha mashapo kwenye maji yake yaleyale, yakiwa ya moto, usiku kucha. Chembe ndogo huyeyuka na kwenda kuzinenepesha kubwa, na chujio halizibi. Suuza hadi maji yanayotoka yasifanye weupe ukiyadondoshea nitrati ya fedha; weupe ni dalili kwamba kloridi bado imo.

Utamu wenyewe uko ndani ya fuwele. Kila ioni ya magnesi imezungukwa na hidroksidi sita, na kila hidroksidi imeshikwa na magnesi tatu, hivyo zote hutandazika kama mkeka. Ndani ya mkeka vifungo ni imara, magnesi na magnesi jirani zikiwa nanometa 0.314. Kutoka mkeka hadi mkeka ni nanometa 0.477, na hapo katikati pana mvuto hafifu tu. Ndiyo maana fuwele hutoka bapa, zenye pembe sita, na madini yake ya asili, brusaiti, hubanduka kwa matabaka.

Ubapa huo huwababaisha wengi kwenye kipimo cha eksirei, ambapo miale hurushwa kwenye unga wa fuwele na pembe inakorudi kwa nguvu huonekana kama vilele kwenye grafu. Kwa mirija ya eksirei ya shaba, kilele cha nyuzi 18.6 hutokana na nafasi kati ya mikeka, na kwa kawaida kile cha nyuzi 38 ndicho kirefu zaidi. Vibapa vikilala chali kwenye kishikizo, cha kwanza hurefuka kupita kiasi. Sampuli si chafu. Ipakie upya bila kuikandamiza.

Ukiipasha zaidi ya nyuzi 350 za selsiasi, maji huondoka na takriban asilimia 31 ya uzito. Inabaki oksidi ya magnesi, yenye mpangilio wa kimchemraba, lakini ukiitazama kwa hadubini ya elektroni bado utaona vibapa vyenye pembe sita.